Karatasi Niliyomwandikia Tarishi

Siku mliponiaga kustaafu pale kituo cha afya cha Butiama mlinipa saa ya ukutani, kitenge cha mke wangu, na raba nyeupe zikiwa ndani ya boksi lake. Mshereheshaji akasema raba hizo ni za mtu aliyeifundisha Butiama kutembea. Mkapiga makofi na vigelegele. Mimi nikainamisha kichwa, nanyi mkadhani ni unyenyekevu. Ilikuwa aibu. Nilipofika nyumbani Bunda, boksi lile nililiweka juu ya kabati bila kulifungua.

Mliniomba pia niwaandikie kumbukumbu za kazi, ili vijana mnaoanza mpate cha kujifunza. Vyeo na mishahara sitavigusa. Vyeo vilikuja kwa kuchelewa, na mishahara mnaijua wenyewe. Nitawaandikia habari za mzee mmoja aliyekuwa akipima mkojo, na za mwanamke mmoja niliyemharibia maisha kwa karatasi. Ninyi mlio wepesi wa kuandika ED, ile karatasi ya kumpumzisha mtu kazini, mtu akiwalalamikia kiuno, naomba msome mpaka mwisho.

Nilianza kazi Bunda miaka ya themanini ilipokuwa inaanza, kwenye kituo cha afya ambacho siku hizi hata jengo lake halipo. Nilikuwa tabibu mpya kutoka chuoni, na koti langu jeupe lilishonwa Musoma kwa kitambaa cha marekani kilichopatikana kwa foleni. Lilikuwa fupi kwa sababu marekani iliisha kabla ya koti. Ulikuwa wakati wa ukata. Sabuni hakuna, sukari kwa mgao, na gari la kituo lilikuwa juu ya mawe, magurudumu yameazimwa na watu ambao hawakuyarudisha. Watu walivaa katambuga za mpira wa tairi na walitembea kila mahali, kwa kuwa hapakuwa na namna nyingine ya kufika.

Siku yangu ya kwanza niliingia stoo ya dawa nikiwa na daftari la kuhakiki. Nilikuta klorokwini nusu kopo, aspirini, gentiani ya zambarau, na panya. Mgonjwa wangu wa kwanza alikuwa baba aliyetoka Kisorya, na nilipomaliza kumpima sikuwa na cha kumpa. Aliniangalia, nami nikamwangalia. Mwisho nikachukua karatasi, nikamwandikia ED ya siku tatu apumzike, nikagonga muhuri. Aliipokea kwa mikono miwili akashukuru sana. Yule baba alikuwa mvuvi, hakuwa na mwajiri wa kumpelekea hiyo karatasi. Hata hivyo alitoka amefurahi, nami siku hiyo nikajifunza jambo baya: karatasi ikiwa na muhuri, mgonjwa anaondoka ameridhika.

Nikawa mwepesi wa karatasi. Kwa walimu, makarani, watu wa kiwanda cha pamba, niliandika ED na barua za kazi nyepesi. Watu wakanipenda. "Yule kijana ana huruma," walikuwa wakisema, na mimi nilikuwa nikipita mtaani polepole ili nisikie.

Chumba changu na cha maabara vilitenganishwa na ubao, na kwenye ubao palikuwa na dirisha dogo la kupitishia vipimo. Upande wa maabara alikaa mzee Bwire, mwenyeji wa Kibara. Kwa cheo alikuwa mhudumu tu, wa kufagia na kuosha vyombo, lakini mpimaji alihamishwa akaondoka bila kuletewa mbadala, basi mzee Bwire akaendelea na kazi kwa kuwa alikuwa ameitazama kwa miaka mingi. Alikuwa akiosha mirija ya kioo kwa majivu, na spiriti ikikosekana alichemshia juu ya jiko la mkaa.

Kipimo cha sukari mnachokifanya ninyi kwa tone la damu kwenye kidole, sisi tulikifanya kwa mkojo. Unaweka ile dawa ya buluu kwenye mrija, unadondosha matone ya mkojo, unachemsha, unasubiri. Ikibaki buluu, hakuna sukari. Ikigeuka njano, au chungwa, au nyekundu kama tofali, mgonjwa yuko pabaya. Katikati ya buluu na njano kulikuwa na kijani. Vitabu vyangu vya chuoni viliipa kijani mstari mmoja. Ninyi leo mnao watu mnaowaambia kuwa sukari yao imepanda kidogo, bado siyo wagonjwa ila wako ukingoni. Sisi wa ukingoni tuliwajua kwa ile kijani, tena si wote, maana mkojo unasema kidogo na kwa kuchelewa.

Mzee Bwire hakuridhika na mstari mmoja. Alikuwa na daftari lake, nje ya lile la serikali, lililofunikwa kwa gazeti. Kila mwenye kijani alimwandika jina, kijiji, na mbele yake neno moja au mawili: "analima", "anakaa dukani", "anavua", "mwalimu, ana baiskeli". Wakirudi alipima tena na kuandika rangi. Niliona daftari hilo wiki yangu ya kwanza nikacheka moyoni, mzee wa kufagia kujifanya mtafiti.

Nyangeta alikuja kabla mwaka haujaisha. Alikuwa tarishi wa ofisi moja pale mjini, mwanamke wa miaka thelathini na kitu, mrefu, mkavu, mwenye miguu ya mtu anayejua njia. Alikuwa anakaa Guta kwa mama yake mkubwa. Kila asubuhi alitoka Guta kwa miguu hadi Bunda, akifika anachukua kitabu cha kusainia barua na mkoba wake, anazunguka mji mzima kugawa barua, na jioni anarudi Guta, mtoto wake Neema akiwa mgongoni. Ofisi nayo haikuwa na petroli, kwa hiyo yeye ndiye aliyekuwa gari la ofisi.

Alikuja kwa ajili ya jipu la shingoni lililokataa kupona. Mzee Bwire, ambaye kila kidonda kilichochelewa alikitilia shaka, akaomba mkojo. Ukatoka kijani. Nilipomwambia kuwa kuna sukari kidogo, alishika kiti.

"Sukari hii hii iliyomuua mama yangu?" akauliza. "Mama alikuwaga akikojoa, sisimizi wanakuja."

"Haijawa ugonjwa," nikamwambia.

"Sasa unanipa dawa gani, daktari? Mimi nina huyu mtoto."

Dawa sikuwa nayo, na hata ingekuwepo hakuwa wa kupewa. Nilikuwa na karatasi. Nikaandika kwamba mtajwa hapo juu ana dalili za ugonjwa wa sukari, apewe kazi nyepesi ya kukaa, asitembee umbali mrefu. Nikagonga muhuri mara mbili ili ionekane ni jambo zito. Alilia, akasema Mungu anibariki.

Alipotoka, kidirisha kikafunguliwa.

"Bwana tabibu," mzee Bwire akasema, "yule mama usimkalishe."

"Kwa nini?"

"Hawa wa kijani mimi nawaonaga. Anayetembea na kulima, akirudi hapa anarudi buluu. Anayekaa, mwaka haupiti anaenda njano. Nimeandika humu, angalia." Akapitisha daftari lake.

Sikuligusa. Nilikuwa na miaka ishirini na tatu na cheti kwenye fremu. Nikamjibu kwa sauti kubwa, ya mtu anayetaka mwenzake akumbuke mahali pake: "Mzee, wewe pima mkojo. Utabibu niachie mimi."

Akalivuta daftari. "Sawa, bwana tabibu," akasema, akaenda kuosha mirija.

Ofisini kwa Nyangeta karatasi yangu ilifanya maajabu. Walimtoa kwenye utarishi, wakamweka mezani mlangoni kuandikisha wageni. Wakampa na chumba nyuma ya ofisi, ili asitembee tena kutoka Guta. Wenzake walimwonea wivu. Kukaa kwenye kiti enzi zile ilikuwa ni kupanda, hata kama mshahara ni uleule. Nilipopita pale aliinuka kunisalimia, nikamwambia akae, akae, asijichoshe. Najisikia vibaya hata kuyaandika maneno hayo.

Mwaka uliofuata, msimu wa pamba, tarishi aliyeshika nafasi yake akaumwa muda mrefu, na ofisi haikuwa na mtu. Nyangeta akarudishwa barabarani kwa muda, akatembea msimu mzima. Ulipokwisha akaja kituoni mwenyewe, akapitia kwanza kwa mzee Bwire, kisha akaingia kwangu akiwa ameshika ile karatasi.

"Daktari, naomba unifutie hii."

"Kwa nini?"

"Nikitembea najisikiaga mwepesi. Nikikaa pale mezani miguu inajaa, na usingizi unanijia saa nne asubuhi."

"Kujisikia siyo kipimo, mama."

"Na mkojo? Mzee Bwire kaniambia umerudi buluu."

Nilitazama kidirisha. Kilikuwa wazi kidogo, nami nilijua nani yuko nyuma yake. Kama ningeifuta karatasi ile, mhudumu angekuwa amenishinda mbele ya mgonjwa. Hiyo ndiyo sababu yote, sina nyingine ya kuwapa, na nimeitafuta kwa miaka mingi.

"Umerudi buluu kwa sababu ulipumzika kwanza," nikamwambia.

Uongo huo niliutunga palepale, na ulitoka vizuri kabisa. Kisha nikachukua karatasi mpya, nikamwandikia barua nyingine kali kuliko ya kwanza, asitembezwe tena kwa sababu yoyote. Akaitikia kwa kichwa. Hakulia safari hii, wala hakunibariki.

Baada ya hapo mambo yakaanza kufunguliwa. Maduka yaliyokuwa na chumvi na viberiti tu yakajaa. Mitumba ikaingia, baiskeli zikaingia, pikapu zikaanza kubeba watu hadi vijijini. Sukari mtu ananunua atakavyo. Chai ya asubuhi iliyokuwa ya chumvi kwa baadhi ya nyumba ikawa na vijiko vinne na mandazi mawili, na soda ikawa heshima ya mgeni. Sikatai mema yake, maana hata mimi nilipata koti refu. Lakini miguu ya watu ilianza kupumzika wakati uleule midomo ilipoanza kufanya kazi, na sisi wa afya tulishangilia tu kuona watu wamenawiri.

Nyangeta alinawiri kuliko wote. Wanawake walimsifu, umependeza, mji umekupenda. Mzee Bwire alimpima mara mbili zaidi. Kijani iliyokolea, halafu njano. Alinipitishia karatasi za majibu kwenye kidirisha bila neno lolote. Nilikuwa nimemwambia apime mkojo, basi alipima mkojo.

Alipostaafu, kabla hajarudi Kibara, mzee Bwire aliniletea lile daftari. "Litakusaidia," akasema. Nilimshukuru. Meza yangu ilikuwa na mguu mfupi unaocheza, nikalikunja daftari nikaliweka chini ya huo mguu. Lilikaa pale miaka kadhaa, na meza ikatulia.

Miaka ya tisini ofisi zikaanza kupunguza watu. Nyangeta akawa wa kwanza, maana mtu wa kuandikisha wageni haonekani kuwa na kazi. Akarudi Guta akiwa mzito, mwili haumtii tena kulima. Wakati huo nilikuwa nimehamishiwa Musoma. Siku moja napita wodini nikasikia mtu ananiita daktari kwa furaha kama ameona ndugu. Nilimtambua kwa sauti. Kiatu cha plastiki kilikuwa kimemkwangua kidole, hakuhisi, kidonda kikapanda. Walikuwa wamemkata mguu wa kulia chini ya goti.

Aliwaambia wagonjwa wa vitanda vya jirani: "Huyu ndiye aliyenioneaga huruma tangu zamani. Angenikuta mwingine ningeshakufa." Kisha akatoa chini ya mto mfuko wa nailoni. Ndani yake mlikuwa na karatasi zangu mbili, zimekunjwa vizuri, mihuri bado inasomeka.

Pale ndipo nilipopaswa kusema. Nilikuwa na kiti, nilikuwa na muda, na alikuwa ananitazama. Nikamuuliza kama chakula cha wodini kinatosha. Nikamwachia machungwa, nikatoka nje, nikasimama nyuma ya jengo la kufulia. Sikurudi tena wodi ile mpaka nilipojua ameruhusiwa.

Mzee Bwire alifariki muda si mrefu baada ya hapo. Nilikwenda Kibara kwenye msiba, na kwa kuwa nilikuwa mtu wa serikali nikapewa nafasi ya kusema. Nilisema alikuwa mhudumu mwaminifu. Watu wakaitikia.

Sasa nifike kwenye yale mnayoyajua. Nilipokuwa karibu kuhamia kwenu Butiama tuliitwa semina Musoma, na mtaalamu akatueleza kwamba watu walio ukingoni, wakitembea kwa bidii karibu kila siku na kupunguza uzito kidogo tu, wengi wao huchelewa kuufikia ugonjwa au hawaufikii kabisa. Wenzangu waliandika. Mimi nilikaa na kalamu mkononi, nikalikumbuka daftari lililoko chini ya mguu wa meza. Wiki ileile nilikwenda Bunda kulitafuta. Meza ilikuwa bado ipo, na daftari lilikuwa bado chini yake, limepasuka pembeni. Nililifungua. Jina la Nyangeta lilikuwa ukurasa wa nne. "Kijani, tarishi, anatembea sana. Kijani, amekalishwa. Buluu, ametembea msimu wa pamba. Kijani sana, amekalishwa tena. Njano." Mwandiko wake ulikuwa mzuri kuliko wangu.

Kwa hiyo siku nilipoanza kuwatembeza watu Butiama, sikuwa nimebuni kitu. Mnakumbuka ilivyokuwa ngumu. Mzee mmoja mfugaji nilimwambia atembee nusu saa kila siku, mwendo wa kuhema lakini anaweza kuongea. Akaniuliza, "Unanituma wapi?" Nikamwambia popote, atembee tu arudi. Akacheka mpaka akashika fimbo yake kwa mikono miwili. "Mtu mzima atembee bila safari? Watanipeleka kwa mganga." Na alikuwa na haki. Watu wetu hawatembei bure, wanatembea wakiwa wametumwa, au wana msiba, au wana ng'ombe.

Ndipo nilipoanza zile barua. Aliye ukingoni nilimwandikia barua ya kupeleka kwa miguu zahanati ya kijiji cha pili, na muuguzi wa kule alisaini kwenye kitabu chake kwamba barua imefika, akampa jibu la kurudisha. Ndani hamkuwa na la maana. "Mpime uzito, mpe maji, arudi." Lakini mtu mwenye barua mkononi hapandi bodaboda mbele ya watu, na njiani anasalimiwa kwa heshima. Yule mfugaji alipeleka barua miaka mitatu, na sukari yake ikashuka ikakaa. Mkanisifu kwamba nina akili ya pekee. Wageni kutoka mkoani wakaja kupiga picha. Hakuna aliyeniuliza nimepata wapi wazo la tarishi, nami sikumwambia mtu.

Mjue basi kwamba makofi yale ya kuniaga yalikuwa ya Bwire, na raba zilikuwa za Nyangeta, ambaye hawezi kuzivaa zote mbili.

Mwezi wa pili baada ya kustaafu nilizishusha raba kabatini, nikazivaa, nikapanda bodaboda hadi Guta. Nilimkuta amekaa mlangoni kwake, magongo yameegemezwa ukutani, anachambua dagaa kwenye ungo. Amezeeka, lakini sauti ni ileile. Akaniamrisha nivute kiti nikae, kama alivyozoea kuamrisha wageni wa ofisi wasaini kwanza. Nilimweleza yote bila kukaa. Daftari, kidirisha, buluu ya msimu wa pamba, na ule uongo. Nilimwambia kuwa karatasi zangu ndizo zilizomkalisha, na kwamba kama angeendelea kutembea huenda mguu wake angekuwa nao. Huenda, kwa sababu mama yake naye alikuwa na ugonjwa huo na hakuna ajuaye. Lakini buluu ile niliiona kwa macho yangu.

"Umemaliza?" akauliza.

"Nimemaliza."

"Na mimi nikuulize. Siku unamjibu mzee Bwire kwenye kile kidirisha, mimi nilikuwa wapi?"

"Ulikuwa umeshaondoka."

"Niondoke niende wapi? Nilikuwa benchi ya nje, ukutani kwenu, namnyonyesha Neema. Mbao zenyewe zile. Nilisikia yote." Akatupa kichwa cha dagaa pembeni. "Kesho yake mzee Bwire alinikuta sokoni. Akaniambia, mama, hiyo karatasi weka ndani, wewe tembea tu. Unajua nilimjibu nini?"

Akachukua dagaa mwingine.

"Nilimwambia, mzee, wewe pima mkojo, utabibu mwachie mwenyewe."

Nilitamani anitukane. Nilikuwa nimejiandaa kwa matusi tangu Bunda. Yeye akaendelea kuchambua dagaa wake.

"Na mzee Bwire, ulimwambia?" akauliza baadaye.

"Hapana. Alifariki."

"Msibani ulienda?"

"Nilienda."

"Ukasema nini?"

"Nilisema alikuwa mhudumu mwaminifu."

"Mhudumu mwaminifu," akarudia. Alicheka kidogo, kicheko kisichokuwa na furaha, na hapo ndipo machozi yangu yalipotoka, mbele ya kuku wake. Hakuninyamazisha.

Akafuta mikono kwenye kanga. "Una kalamu?"

Nilikuwa nayo, kalamu ndiyo silaha yangu.

"Neema ana duka la vitenge pale Bunda mjini," akasema. "Wamempima, wamemwambia yuko ukingoni. Bodaboda inamchukuaga mlangoni kwake, inamshusha mlangoni dukani, anakaa mpaka jioni. Mimi nikimwambia atembee ananijibu, mama, wewe siyo daktari. Haya. Wewe ulikuwa daktari. Andika."

Akanitajia maneno, nami nikaandika kwenye karatasi ya daftari la mjukuu wake: "Neema, Jumapili baada ya ibada uje Guta, uje kwa miguu. Anayekuletea barua hii amekuja kwa miguu. Muulize kwa nini." Hakuna muhuri. Aliikagua, akaikunja mara nne, akaitia kwenye ule mfuko wa nailoni wa siku ile ya wodini, baada ya kutoa zile karatasi zangu mbili, akanipa. Hizo alizitia kwenye jiko lililokuwa na sufuria ya maji, bila hata kunitazama.

Nilitoka Guta kabla ya jua kuwa kali. Bodaboda wanne walisimama wakiniambia, "Mzee, panda," na wa tano akasema atanipeleka bure kwa sababu nachechemea. Niliwaonyesha mfuko nikawaambia nina barua. Raba zilikuwa mpya na miguu yangu haikuwa ya tarishi, basi nusu ya njia malengelenge yakapasuka. Yeye njia ile aliitembea kwenda na kurudi kila siku ya kazi, akiwa na mtoto mgongoni, na katikati yake akauzunguka mji.

Neema nilimtambua kwa urefu wake. Amekaa kwenye kiti cha plastiki nyuma ya meza ya kukatia vitenge, na wateja wawili wanachagua. Nikampa mfuko. Aliufahamu, maana aliutazama kabla ya kuufungua. Akaisoma barua, akatazama raba zangu, moja ilikuwa na damu kisiginoni.

"Umetoka Guta kwa miguu, mzee? Mama si angenipigia simu?"

"Amesema uniulize."

"Haya, nakuuliza. Kwa nini?"

Wateja wakaacha vitenge wakatugeukia. Nikamwambia, na wao wakisikia, kwamba mimi ndiye niliyemkalisha mama yake.